Kusema "kwaki nzito haijaonekana chini ya TeV 1.5" kuna maana gani?

Swali: Mara kwa mara husoma kwamba wanafizikia wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, wametafuta kwaki mpya nzito wasiipate, kisha wakatangaza kwamba haipo chini ya TeV 1.5 au karibu na hapo. Wanajuaje kwamba haipo, ilhali hawawezi kukagua kila mgongano unaotokea ndani ya mtambo? Na kama haipo, kwa nini wanaendelea kuitafuta mwaka baada ya mwaka?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze kwa kuirudisha sentensi hiyo katika ukamilifu wake, kwa sababu taarifa fupi za habari huikata mkia. ATLAS na CMS, majaribio mawili yanayofanya sehemu kubwa ya kazi hii kwenye LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha protoni ulio mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hayasemi kwamba kwaki nzito haipo. Yanachosema ni kwamba, kama kungekuwa na kwaki ya aina fulani, yenye masi fulani na inayovunjika kwa njia fulani, ingeacha idadi fulani ya matukio katika data iliyokusanywa. Kwamba ziada hiyo haikuonekana. Na kwamba uwezekano wa kuikosa kwa bahati tu ni mdogo kuliko asilimia 5. Kila neno "fulani" hapo ni sharti. Asiyeyajua masharti hayo hawezi kupima kama utafutaji umefika mwisho au ndio kwanza uko katikati, na ndiyo maana nitakaa juu yake kuliko juu ya jambo jingine lolote katika jibu hili.

Kwanza vipimo. Wanafizikia hutaja masi ya chembe kwa kizio cha nishati: gigaelektronivolti moja, GeV, inakaribia masi ya protoni moja, na TeV 1 ni GeV 1,000. Kwaki nzito kuliko zote tunazozijua, kwaki topu, ina masi ya GeV 173 hivi, yaani chembe moja isiyo na sehemu ndogo zinazojulikana ina uzito wa karibu atomu nzima ya tungsteni. Kwaki inayotafutwa leo ingekuwa nzito kuliko topu mara nane au tisa, au zaidi.

Wazo la kwaki, chembe za msingi zinazounda protoni na nyutroni, lilitolewa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, na wakati huo kwaki tatu zilitosha: apu, dauni na strenji. Mwaka 1973 Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa walionyesha kwamba tofauti ndogo iliyokuwa imeonekana kati ya tabia ya maada na ile ya antimaada ingeweza kuelezwa ikiwa kwaki ni sita, zilizopangwa katika vizazi vitatu vya jozi mojamoja. Kwaki chamu ikaonekana Novemba 1974 katika maabara mbili za Marekani, Brookhaven na SLAC, na botomu ikafuata mwaka 1977 huko Fermilab. Tangu hapo wataalamu karibu wote waliamini kwamba botomu ina mwenzake, kwa kuwa nadharia ya kani dhaifu, mojawapo ya kani za msingi za maumbile, isingesimama vizuri bila jozi hiyo kukamilika. Ila hakuna aliyejua uzito wa mwenzake huyo. Mtambo wa PETRA nchini Ujerumani ukamtafuta asionekane, na TRISTAN nchini Japani vivyo hivyo. Mwaka 1984 jaribio la UA1 la CERN lilitoa taarifa ya matukio yaliyofanana na topu yenye masi ya GeV 40 hivi, lakini data iliyofuata haikuithibitisha. Hatimaye, tarehe 2 Machi 1995, majaribio ya CDF na D0 kwenye mtambo wa Tevatron huko Fermilab yalitangaza kwamba topu imepatikana, na masi yake ilikuwa katika eneo lilelile ambalo vipimo makini vya bosoni ya Z, mojawapo ya chembe zinazobeba kani dhaifu, kwenye mtambo wa LEP vilikuwa vimelidokeza mapema.

Nimeisimulia historia hiyo kwa sababu moja. Topu ilitafutwa kwa miaka kumi na minane huku nadharia ikiidai. Kwaki mpya ya leo haidaiwi na chochote kilichothibitishwa: Modeli Sanifu, nadharia inayokubalika ya chembe za msingi, imetimia kwa kwaki sita na haina nafasi iliyo wazi inayosubiri ya saba. Kwa hiyo anayeitafuta hana uhakika wa kuipata mwishoni, na matokeo ya "haikuonekana" hayawezi kusomwa kama kuchelewa kwa jambo ambalo lazima litokee.

Mtu angeweza kudhani kwamba hatua inayofuata ni kizazi cha nne, kilichoundwa sawa na vile vitatu. Njia hiyo ilichunguzwa kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu imefungwa. Pigo la kwanza lilitoka LEP, ambapo upana wa bosoni ya Z uliwezesha kuhesabu ni aina ngapi za nyutrino nyepesi, chembe zisizo na chaji na zinazopita bila kuonekana, zinaweza kuzaliwa inapovunjika. Jibu lilikuwa 2.984, kwa hitilafu ya 0.008, yaani tatu; hakukuwa na nafasi ya nyutrino nyepesi ya nne. Bado mtu angeweza kujitetea kwa kusema kwamba nyutrino ya kizazi cha nne ni nzito kuliko nusu ya masi ya Z, na kwa hiyo Z haiwezi kuizaa. Utetezi huo ulizimwa na bosoni ya Higgs, chembe inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi. Katika LHC, Higgs huzaliwa zaidi kwa gluoni mbili, yaani chembe zinazozishikamanisha kwaki, kuungana kupitia mzunguko wa kwaki nzito, na katika Modeli Sanifu kwaki inayotawala mzunguko huo ni topu. Kwaki inayopata masi yake yote kutoka kwa Higgs haipunguzi mchango wake kadiri inavyokuwa nzito: uzito unaoizuia kuzaliwa ndio huohuo unaoongeza nguvu ya kushikamana kwake na Higgs, na mambo hayo mawili hufutana. Kwaki mbili za kizazi cha nne zingeufanya mchango wa jumla uwe karibu mara tatu ya ule wa topu peke yake, na kwa kuwa uwezekano hupatikana kwa kuzidisha mchango huo kwa wenyewe, Higgs zingezaliwa karibu mara tisa zaidi. Higgs ilipotangazwa tarehe 4 Julai 2012, na kiwango cha kuzaliwa kwake kilipopimwa, hakuna ongezeko la namna hiyo lililoonekana. Hivyo chembe ambayo haikuwa imeonekana moja kwa moja ilikataliwa kwa kipimo cha chembe nyingine kabisa, na binafsi naihesabu hoja hiyo kuwa miongoni mwa hoja safi zaidi katika fizikia ya miaka hii.

Kinachotafutwa sasa ni kitu tofauti, nacho huitwa kwaki za kivekta. Kwaki za kawaida zina sura mbili, ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, kulingana na mwelekeo wa mzunguko wao ukilinganishwa na mwendo wao, na kani dhaifu hubagua: bosoni ya W, mbebaji mwingine wa kani hiyo, hugusa sura ya kushoto na kuiacha ya kulia. Kwaki ya kivekta ni ile ambayo sura zake zote mbili hutendewa sawa na kani hiyo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Kwaki ya namna hiyo inaweza kuwa na masi bila msaada wa Higgs, kwa hiyo inapokuwa nzito mchango wake katika kuzaliwa kwa Higgs hufifia, na vipimo vilivyokiua kizazi cha nne haviigusi sana. Tena haihitaji leptoni mpya (jamii ya elektroni na nyutrino) za kuandamana nayo ili hesabu za nadharia zisipingane.

Kwa nini mtu afikiri kwamba zipo? Sababu inayotajwa zaidi ni masi ya Higgs yenyewe, GeV 125. Katika hesabu za kwantumu, masi hiyo husukumwa na mizunguko ya chembe nyingine, na msukumo mkubwa kuliko yote hutoka kwa topu. Kama Modeli Sanifu ingekuwa sahihi hadi nishati kubwa mno, masi ya Higgs ingebaki ndogo kwa sharti kwamba namba kubwa sana zifutane kwa usahihi usio na maelezo. Nadharia ambazo Higgs ndani yake si chembe ya msingi, bali imeundwa na vitu vidogo zaidi, huleta washirika wa topu ambao mchango wao huutuliza ule wa topu; na washirika hao, karibu kila mara, ni kwaki za kivekta. Nadharia zenye vipimo vya ziada vya nafasi huleta chembe kama hizo pia, na zile zinazounganisha kani zote kupitia kundi la ulinganifu liitwalo E6 zina kwaki ya kivekta yenye chaji ya −1/3. Hoja ya masi ya Higgs ina uzito zaidi ikiwa mshirika huyo si mbali sana na TeV 1. Kadiri anavyosogea juu, ndivyo ufutanaji unavyozidi kuhitaji bahati. Hilo ndilo linalofanya eneo la TeV 1 hadi 2 livutie kuliko mengine, ingawa hakuna mpaka mkali unaosema "hapa hoja imekufa".

Kwaki hizi hupewa herufi kubwa. T ina chaji ya 2/3 kama topu, na B ina −1/3 kama botomu. Pamoja nazo kuna mbili zenye chaji isiyopatikana kwa kwaki yoyote tunayoijua: X yenye 5/3 na Y yenye −4/3.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe: wanajuaje? Jibu linaanzia kwenye uzalishaji. Kwaki yoyote, iwe ya zamani au mpya, hushikwa na kani kali, ile inayobebwa na gluoni, na nguvu ya kani hiyo tunaijua. Kwa hiyo gluoni mbili, au kwaki na antikwaki, zikigongana kwa nishati ya kutosha, kiwango cha kuzaliwa kwa jozi ya T na antiT hutegemea masi ya T peke yake. Hakuna kigezo kingine kisichojulikana cha kukisia. Huu ndio msingi wa uthabiti wa matokeo mengi unayoyasoma. Kwa migongano ya TeV 13, T yenye masi ya TeV 1 ina kiwango cha femtobani 44 hivi (femtobani ni kizio cha kupimia uwezekano wa kitu kuzaliwa katika mgongano), na ile ya TeV 1.5 ina femtobani 2 hivi. Data ambayo kila jaribio lilikusanya kati ya mwaka 2015 na 2018 inatosha kuzaa takriban matukio 140 kwa kila femtobani moja. Basi kama kungekuwa na T ya TeV 1, jozi zake zaidi ya 6,000 zingekuwa zimezaliwa ndani ya kila kigunduzi. Kama ni ya TeV 1.5, jozi 280 hivi. Katika kipindi hichohicho zilizaliwa jozi za topu zaidi ya milioni 100.

Utashangaa kwa nini mtambo wa TeV 13 uhangaike kuzaa jozi yenye masi ya jumla ya TeV 3. Sababu ni kwamba protoni haigongani kama kitu kimoja. Nishati yake imegawanyika kati ya kwaki na gluoni zilizo ndani yake, na ni nadra sana kwa gluoni moja kubeba sehemu kubwa ya nishati yote. Kadiri masi inayohitajika inavyopanda, ndivyo idadi ya migongano inayofaa inavyoporomoka, na ndiyo maana kutoka TeV 1 hadi 1.5 kiwango kinapungua zaidi ya mara ishirini.

Hatua ya pili ni kuvunjika. T haifiki mbali. Huvunjika papo hapo. Katika modeli za kawaida huwa na njia tatu: botomu na W, topu na Z, au topu na Higgs. Ikiwa T imesimama peke yake bila mwenzi wa kani dhaifu, na ni nzito sana, mgawanyo wa njia hizo ni karibu nusu, robo na robo. B vivyo hivyo huenda kwa topu na W, botomu na Z, au botomu na Higgs. X ina njia moja tu, topu na W, na hiyo huacha alama nzuri sana: topu inayotokana nayo huvunjika kuwa botomu na W nyingine yenye chaji ileile, kwa hiyo W zote mbili zinaweza kutoa elektroni au muoni (ndugu mzito wa elektroni) mbili zenye chaji ya ishara moja. Michakato ya kawaida hufanya hivyo kwa nadra, na mtafiti anayeona leptoni mbili za ishara moja pamoja na alama za botomu ana haki ya kuchangamka.

Kwa kuwa T ni nzito mno, vitu vinavyotoka humo hukimbia kwa nishati kubwa. Topu inayozaliwa kutoka kwa T ya TeV 1.5 huwa na nishati ya GeV 750 hivi, zaidi ya mara nne ya masi yake. Kwaki haionekani ikiwa peke yake. Hugeuka mkondo mwembamba wa chembe uitwao jeti, na topu iliyo karibu kusimama hutoa jeti tatu zilizotawanyika. Topu yenye GeV 750 huzibana zote tatu ndani ya koni moja, zikaonekana kama jeti moja nene. Miaka ishirini iliyopita jambo hilo lilihofiwa kuwa kikwazo. Leo limekuwa silaha, kwa sababu wanafizikia wamejifunza kuipekua jeti nene kwa ndani: wanapima masi yake, wanatazama kama nishati imekusanyika katika vitovu viwili au vitatu, na kutokana na hayo wanakadiria kama ilianza kama topu, W, Z, Higgs, au kwaki nyepesi ya kawaida. Masi ya W ni GeV 80, ya Z ni 91, ya Higgs ni 125, ya topu ni 173. Namba hizo nne ndizo alama za utambuzi. Algoriti za kujifunza kwa mashine zimeongeza ukali wa upekuzi huo kwa kiasi kikubwa. Pamoja na hayo kuna alama ya botomu: chembe yenye kwaki botomu huishi kwa wastani wa sekunde 1.5 hivi ukiigawa kwa trilioni, na kwa mwendo wake hupita milimita kadhaa kabla ya kuvunjika, hivyo vigunduzi vya silikoni vilivyo karibu kabisa na kitovu huona nyayo zikianzia pembeni kidogo ya mahali pa mgongano.

Hapa pia ndipo wasiwasi wako kuhusu kukagua kila mgongano unapopata jibu. Ni kweli kwamba hawakagui kila mmoja. Makundi ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na mfumo wa kuchuja huhifadhi matukio elfu moja hadi elfu chache tu kwa sekunde. Lakini mchujo huo hautupi kwa kubahatisha. Tukio lenye nishati kubwa sana inayotoka pembeni, muoni wenye kasi, au pengo kubwa la nishati linaloashiria nyutrino, huhifadhiwa karibu kila mara, na kwaki nzito ingetoa matukio ya namna hiyohiyo hasa. Sehemu inayopotea hupimwa, kwa data halisi na kwa uigizaji wa kompyuta, nayo huingizwa katika hesabu.

Kinachobaki ni kulinganisha. Watafiti huchagua masharti ya uteuzi kabla ya kutazama eneo ambalo ishara ingetokea, ili macho yao yasiwavute kuelekea wanachokitamani. Kisha hukadiria ni matukio mangapi ya kawaida, hasa jozi za topu na W au Z zenye jeti nyingi, yatapenya masharti hayo. Na ukadiriaji huo haukubaliwi kwa uigizaji peke yake, bali husahihishwa katika maeneo ya jirani ambako ishara mpya haitarajiwi. Ndipo eneo lenyewe hufunguliwa.

Tuchukue hali rahisi kuliko zote, ili asilimia 5 ieleweke inatoka wapi. Tuseme masharti ni makali kiasi kwamba hakuna tukio la kawaida linaloweza kupenya, na nadharia inatabiri matukio 3 ya T kwa wastani. Kwa kanuni ya Poisson, uwezekano wa kuona sifuri wakati wastani wa kweli ni 3 ni asilimia 5 hivi. Ukifungua eneo ukakuta sifuri, unaweza kusema kwamba masi yoyote inayotabiri matukio 3 au zaidi imekataliwa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Masi inayotabiri tukio moja haijakataliwa hata kidogo. Katika kazi halisi matukio ya kawaida yapo, hitilafu ni nyingi, na hutumika mbinu ya takwimu iliyoundwa ili jaribio lisikatae nadharia ambayo kwa kweli halina uwezo wa kuiona. Lakini mantiki ni hiyohiyo. Kwa jozi za T na B, data ya 2015 hadi 2018 imetoa mipaka iliyo katika eneo la TeV 1.5, mingine chini kidogo na mingine juu kidogo kulingana na njia ya kuvunjika iliyodhaniwa.

Na hapo ndipo yale masharti yanapouma. Sharti la kwanza ni kwamba njia zile tatu hukusanya asilimia 100 ya kuvunjika kwa T. Katika nadharia nyingi zilezile zilizotuleta hapa, kuna chembe nyingine nyepesi kuliko T, kwa mfano ndugu mpya wa Higgs, na T inaweza kuvunjika kuwa topu na chembe hiyo. Mpaka uliotangazwa kwa njia tatu za kawaida hauwezi kuhamishiwa huko bila kufanyiwa kazi upya, na mara nyingi hushuka. Sharti la pili ni kwamba kwaki mpya inachanganyika hasa na topu na botomu, yaani hupendelea kuvunjika kuwa hizo. Dhana hiyo ina sababu nzuri, lakini kama ingechanganyika na kwaki nyepesi, alama ya botomu ingetoweka na matukio ya kawaida yangeongezeka sana. Sharti la tatu ni kwamba T haina upana mkubwa, yaani masi yake haijatawanyika kiasi cha kuondoa kilele kinachotafutwa. Majaribio yenyewe huyaandika masharti haya wazi, na mara nyingi huchora mipaka kwa kila mgawanyo unaowezekana wa njia tatu. Ni habari iliyofupishwa inayoyapoteza.

Ipo pia njia ya kuzaa T moja badala ya jozi, kwa msaada wa W au Z iliyotoka kwa mojawapo ya kwaki za protoni. Njia hiyo huhitaji nishati ndogo zaidi, kwa hiyo inaweza kugusa masi kubwa kuliko jozi inavyoweza. Lakini kiwango chake hutegemea mchanganyiko wa T na topu au botomu, ambao hatuujui. Matokeo yake si mpaka mmoja wa masi, bali mstari katika jedwali lenye masi upande mmoja na mchanganyiko upande wa pili. Ukisoma kwamba utafutaji wa T moja umefika TeV 2, uliza mara moja: kwa mchanganyiko wa kiasi gani?

Kuna swali la kinyume ambalo hukuuliza lakini linahusika: wangejuaje kama wameipata? Kizingiti cha kutangaza ugunduzi ni mkengeuko sanifu 5, yaani uwezekano wa chini ya mmoja katika milioni tatu kwamba matukio ya kawaida peke yake yangepanda kiasi hicho. Ukali huo una sababu. Desemba 2015 majaribio yote mawili yalionyesha ziada ya jozi za fotoni, yaani chembe za mwanga, karibu na GeV 750. Mamia ya makala za nadharia yaliandikwa, baadhi yakitumia kwaki za kivekta kueleza ziada hiyo. Na ilipofika Agosti 2016, data mpya ikaifuta. Ukitazama mamia ya maeneo, moja litapanda kwa bahati, na hesabu lazima ilizingatie hilo.

Ushahidi usio wa moja kwa moja nao unatazamwa. Mchanganyiko wa kwaki apu na dauni, strenji na botomu unapaswa kutoa jumla ya 1 pale vipimo vyake vitatu vinapozidishwa kila kimoja kwa chenyewe na kujumlishwa. Vipimo vya miaka ya karibuni vinatoa jumla iliyo pungufu kidogo, na kwaki ya kivekta yenye masi ya TeV kadhaa ni mojawapo ya maelezo yanayotajwa. Upungufu huo ni wa mikengeuko sanifu miwili au mitatu, nao hutegemea masahihisho magumu ya fizikia ya kiini cha atomu. Mimi nisingejenga nadharia juu yake kwa sasa, lakini nisingeupuuza.

Sasa kuhusu kuendelea. LHC ilianza tena mwaka 2022 kwa nishati ya TeV 13.6, na awamu inayofuata, yenye migongano mingi zaidi, imepangwa kuanza mwaka 2030 hivi, ikilenga kukusanya data takriban mara ishirini ya ile ya 2015 hadi 2018. Usitarajie mpaka wa masi kupanda mara ishirini. Kwa kuwa kiwango huporomoka haraka kadiri masi inavyopanda, data nyingi kiasi hicho huusogeza mpaka wa jozi kwa mamia machache ya GeV tu. Kuruka mbali kunahitaji nishati, na hilo ni suala la mtambo mwingine, kama ule wa duara la kilomita 91 unaochunguzwa na CERN.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa nguvu iwekwe wapi, nisingesema ni katika kusogeza namba 1.5 hadi 1.6 kwa njia zilezile. Ningeielekeza kwenye masharti: T inayovunjika kuwa topu na chembe mpya isiyojulikana, kwaki nzito inayopendelea kwaki nyepesi, T yenye upana mkubwa, na T zinazozaliwa mojamoja kwa mchanganyiko mdogo. Baadhi ya utafutaji huo unahitaji data mpya, lakini sehemu yake inaweza kufanywa kwa data ambayo tayari imehifadhiwa, na kazi hiyo inaendelea. Kwaki yenye masi ya TeV 1.2 inaweza kuwa imezaliwa mara zaidi ya elfu moja ndani ya vigunduzi hivyo, ikavunjika kwa njia ambayo uteuzi uliotumika haukuundwa kuiona.